Soko Moja, Serikali Mbili: Biashara ya Mpaka wa Busia na Watu wa Kakamega

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo juu ya biashara ya mpakani, yaliyotayarishwa kwa ajili ya wakulima na wafanya biashara wa Kakamega.

Mtu anunuaye trei ya mayai au mkungu wa ndizi katika soko la Kakamega mara chache huuliza vitu hivyo vimetoka wapi. Huuliza bei, na bei ikimridhisha hulipa akaenda zake. Lakini mwuzaji ajua. Ajua kwamba mayai yale huenda yalitagwa upande wa Uganda, yakavushwa Busia alfajiri, yakapakiwa garini, na kabla ya adhuhuri yakawa juu ya meza yake. Ajua pia kwamba siku mpaka utakapofungwa, au siku itakapotoka amri mpya ambayo hakuna aliyemweleza, meza itabaki tupu na karo ya watoto itakosa mahali pa kutoka.

Wengi hudhani kuwa habari za mpaka ni habari za watu wa Busia na Malaba peke yao. Kakamega iko ndani ya nchi, wasema, wala haina forodha. Hilo si kweli. Mahindi, maharagwe, ndizi, mayai na mananasi huja huku kutoka Uganda. Na sabuni, mafuta ya kupikia, chumvi, mabati, vyombo vya plastiki na vitu vingine vya viwanda vya Kenya huenda huko. Kwa miaka mingi Uganda ilikuwa mnunuzi mkubwa kupita nchi zote wa bidhaa za Kenya. Kwa hiyo jambo linalotendeka katika daraja la mpakani hufika jikoni mwa mtu wa Shinyalu au Khwisero, hata kama hajapata kuiona Busia kwa macho yake.

Kabla ya mpaka kuwekwa, nchi yote kutoka Mlima Elgon hadi ziwani ilikuwa nchi ya masoko. Wahunzi wa milima ya Samia walifua majembe ya chuma, na majembe hayo yalisafiri mbali sana. Yalibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, na katika sehemu nyingine yalitolewa kuwa mahari. Kwa Nabongo Mumia, mahali ambapo wasafiri wa pwani walipaita Kwa Shiundu kwa jina la baba yake, misafara ilisimama ikanunua chakula na pembe za ndovu kabla ya kuendelea Buganda. Msafiri Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyesema, "Hapa ndipo Kenya inapokwisha." Wasamia walikuwa Wasamia tu, na Wateso vivyo hivyo, na hata leo makabila hayo yote mawili yamo katika nchi zote mbili. Wabukusu wa Bungoma na Wamasaba wa Mbale, nao, husikilizana lugha bila mkalimani.

Uingereza ilipotangaza himaya yake juu ya Uganda mwaka 1894, haikupita muda mrefu kabla ya Mumias, na nchi ya Kakamega pamoja nayo, kuhesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Wengi wa vijana wa siku hizi hustaajabu wakisikia habari hiyo. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilitolewa likawekwa chini ya Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo tangu mwaka 1920 iliitwa Kenya. Sababu moja kubwa ilikuwa reli: njia ya garimoshi ilikuwa imefika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na wakubwa walioko London waliona ni vyema reli yote iwe mikononi mwa serikali moja. Wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1926 mpaka uliandikwa rasmi katika amri ya mfalme, nao wafuata mito: Sio, Malaba, Lwakhakha, kisha wapanda Mlima Elgon. Hivyo mto ambao watu waliuteka maji na kuwanyweshea ng'ombe pande zote mbili ukawa mwisho wa nchi.

Hata hivyo, yafaa kusema wazi kwamba kwa muda mrefu mpaka huo haukuwa mzito. Kenya na Uganda ziliunganishwa katika forodha moja mwaka 1917. Tangu miaka ya kwanza ya 1920 shilingi ya Afrika ya Mashariki ilitumika pande zote, mpaka mwaka 1966 kila nchi ilipotoa fedha zake. Mtu wa Butere au Kabras aliweza kwenda Jinja au Kampala kutafuta kazi, au kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, akarudi na shilingi ile ile mfukoni. Wako wazee waliojenga nyumba za bati kwa fedha za Uganda. Neema hiyo ilipungua mwaka 1970, wakati Serikali ya Rais Obote ilipowaondoa maelfu ya wafanya kazi wa Kenya, na wengi wao walikuwa watu wa sehemu hizi za magharibi.

Kwa kweli, katika siku hizo mipaka iliyomsumbua mfanya biashara zaidi haikuwa baina ya nchi na nchi, bali baina ya wilaya na wilaya. Tangu miaka ya Vita Kuu ya Pili mahindi yaliwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na kuyasafirisha kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali lilikuwa kosa. Sheria za namna hiyo ziliendelea baada ya Uhuru wa 1963, zikaondolewa kabisa mwaka 1993 tu. Basi mama aliyechukua magunia ya mahindi usiku kutoka upande wa Kitale kuja Kakamega alikuwa mkosaji, ingawa hakutoka katika nchi yake. Watu walizoea kupita vichochoroni hata pale pasipokuwa na mpaka wa dola. Yeyote anayewashangaa wapitao njia za panya za Busia leo na akumbuke mahali tabia hiyo ilipofundishwa.

Tarehe 6 Juni 1967 marais watatu walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki huko Kampala. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, Jumuiya hiyo ilivunjika. Sababu zilikuwa nyingi, nazo zimesimuliwa mara nyingi: uhasama wa viongozi, ugomvi juu ya reli na ndege, na manung'uniko ya Uganda na Tanzania kwamba faida kubwa yaenda Kenya. Lakini mtu atakaye kufahamu kuvunjika huko kulivyoonekana mashambani asiende Arusha, bali aende Chepkube.

Chepkube ni soko chini ya Mlima Elgon, upande wa Bungoma, karibu sana na mpaka. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliua mibuni mingi huko Brazili, nchi itoayo kahawa nyingi kuliko zote duniani, na bei ya kahawa ikapanda mno katika mwaka 1976 na 1977. Mkulima wa Bugisu alikuwa na kahawa nzuri, lakini Serikali ya Idi Amin ilimlipa kwa shilingi za Uganda ambazo thamani yake ilikuwa ikishuka, tena mara nyingi alilipwa kwa kuchelewa. Ng'ambo ya mto palikuwa na mnunuzi mwenye shilingi za Kenya mkononi. Basi kahawa ikateremka mlimani usiku, juu ya vichwa vya watu na migongo ya punda, kwa maelfu ya magunia. Waliiita dhahabu nyeusi. Walimu, makarani, madereva na watu wengine wasiopata kuuza hata ndizi maishani mwao walikwenda Chepkube na fedha za akiba, na wako waliorudi matajiri. Baadhi ya maduka na malori yaliyojulikana katika miji ya magharibi miaka ile yalianzia katika magunia hayo.

Habari za Chepkube husimuliwa kwa kicheko, kama hadithi ya sungura. Lakini upande wa pili hakukuwa na kicheko. Askari wa Amin walikuwa na amri ya kuwapiga risasi wafanya magendo, na wengi waliouawa walikuwa wachukuzi maskini waliokodishwa kubeba mizigo ya wengine. Tena Serikali ya Uganda ilikosa fedha za kununulia dawa na mafuta, na watu wake wakakosa sabuni, sukari na chumvi. Vitu hivyo navyo vikaingia kwa magendo kutoka Kenya, kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Faida ilimwendea yule aliyekuwa na lori na rafiki katika kizuizi cha polisi. Na katika mwaka ule ule wa 1976, mwezi wa Februari, Amin alidai kwamba nchi yote ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda kwa sababu ya mambo ya 1902. Rais Kenyatta alikataa kwa maneno makali. Kwa siku kadhaa watu wa Kakamega walijiuliza kama watalazimika kuwa Waganda tena kwa nguvu. Mchana wanasiasa walikuwa wakigombania ardhi, na usiku kahawa ilikuwa ikiendelea kuvuka.

Mambo kama haya hayakuzuka Afrika ya Mashariki peke yake. Kisiwa cha Ireland kiligawanywa mwaka 1921, kaskazini ikabaki na Uingereza na kusini ikajitawala. Tangu Aprili 1923 maofisa wa forodha walisimama barabarani katikati ya mashamba ya watu, na wako wakulima ambao zizi lao lilikuwa nchi moja na malisho nchi nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siagi na nyama zilivuka kwa siri kutoka kusini, chai na unga mweupe zikatoka kaskazini, na wanawake walificha chai ndani ya nguo zao kama vile kina mama wa Busia walivyofunga sukari viunoni. Forodha zile ziliondolewa mwaka 1993, soko la nchi za Ulaya lilipokuwa moja. Hata baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, pande zote zilikubaliana kwamba forodha isirudishwe katika mpaka ule wa nchi kavu, maana maziwa ya ng'ombe wa kaskazini huchukuliwa kwa wingi kutengenezwa katika viwanda vya kusini. Katika kisiwa cha Saiprasi, kilichogawanyika mwaka 1974, raia hawakuweza kuvuka kwa hiari yao hadi Aprili 2003. Mwaka uliofuata kanuni za Ulaya ziliruhusu baadhi ya bidhaa zipitishwe katika mstari wa katikati, ingawa ugomvi wenyewe haukwisha.

Na Ziwa Viktoria lina kisiwa chake. Migingo ni jiwe dogo lisilotimiza hata eka moja, limejaa mabanda ya mabati na wavuvi wa sangara. Uganda na Kenya ziligombania jiwe hilo kwa miaka mingi, hasa tangu 2008 na 2009, na wapimaji wa ardhi walionyesha kwamba liko upande wa Kenya, mita 510 kutoka mpakani. Wavuvi, ambao ni wa mataifa yote mawili, waliendelea kulala mlango kwa mlango. Samaki hawana pasipoti, na maji mengi yenye samaki yako upande wa Uganda. Ndiyo maana jiwe lisiloota hata mgomba mmoja lilipata wenyewe wengi.

Turudi Busia. Mwezi wa Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walipigana risasi pale pale mpakani, na njia ikafungwa kwa siku kadhaa. Katika miaka hiyo yote mtu aliyeshuka garini upande mmoja alikuwa na mwendo wa kutembea kabla ya kufika upande wa pili, naye akachukuliwa na vijana wenye baiskeli waliotangaza kazi yao kwa kulitaja neno la Kiingereza la mpaka mara mbili. Ndipo lilipozaliwa jina la boda boda, ambalo sasa latumika hata Mombasa, mahali ambapo hapana mpaka wowote ila bahari. Walikuwapo pia watu wenye ulemavu wa miguu, waliokuwa na magari yao ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono. Maofisa wa forodha hawakuwasumbua sana, na wafanya biashara, ambao hawakosi kuona mwanya, wakawapa mizigo yao wavushe. Kwa njia hiyo watu waliodhaniwa kuwa mzigo wa jamaa zao wakapata kazi ya heshima, wakajenga na kusomesha watoto.

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, na Soko la Pamoja tarehe 1 Julai 2010. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya na Uganda aweza kuvuka kwa kitambulisho chake cha taifa. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua kituo kipya cha Busia, ambapo msafiri husimama mara moja tu, upande anaoingia, na kuwakuta maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Dereva wa lori ambaye zamani alipanga foleni mara mbili sasa hupanga mara moja.

Kwa mchuuzi mdogo, jambo lenye manufaa zaidi kuliko jengo hilo ni karatasi moja ambayo wengi wa Kakamega hawajapata kuiona. Ni hati rahisi ya asili ya bidhaa. Mtu mwenye bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa katika nchi za Jumuiya, nazo zimo katika orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa hati hiyo na ofisa wa forodha papo hapo mpakani. Akiwa nayo halipi ushuru wa kuingiza bidhaa. Haina maana kwamba halipi chochote kabisa: ziko kodi nyingine za ndani, na mazao ya shamba yahitaji kibali cha afya ya mimea. Lakini mama mwenye magunia matatu ya maharagwe hana sababu ya kumlipa kijana wa kumpitisha mtoni usiku, wala ya kumpa mtu noti iliyokunjwa. Hasara yake kubwa ni kutojua. Mtu asiyejua kiasi anachopaswa kulipa hulipa kiasi anachoambiwa. Na yule anayemwambia aghalabu si ofisa wa forodha, ni kishoka aliyesimama nje ya lango.

Baada ya kusifu yaliyo mema, ni haki kutaja pia yanayowagawa watu wa Kakamega wenyewe, kwa sababu si kila mtu wa huku afurahiaye mpaka ukiwa wazi. Mkulima wa Lugari au Likuyani hulima mahindi ya kuuza. Amenunua mbegu na mbolea kwa bei kubwa, naye aona mahindi ya Uganda, nchi ambayo sehemu zake nyingi huvuna mara mbili kwa mwaka, yakishuka sokoni kwa bei asiyoweza kuifikia. Huyo hulia kwamba Serikali imemtupa. Lakini mwenye shamba la robo eka huko Ikolomani huishiwa na akiba yake kabla ya mavuno, na hununua kwa gorogoro. Kwake yeye lori la Uganda ni rehema. Wote wawili ni watu wa kaunti moja, na bei imwinuayo huyu humwangusha yule.

Ugomvi huo ulionekana waziwazi mwezi wa Machi 2021. Tarehe 5 Serikali ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie, kwa kuwa yaligunduliwa kuwa na sumu ya kuvu. Malori yalisimama Busia na Malaba yakiwa yamejaa. Wako waliosema sumu ilikuwa kisingizio cha kuwalinda wakulima wakubwa. Maneno hayo si ya haki kabisa, maana sumu ya kuvu huua: mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, na mahindi hayo hayakutoka ng'ambo, yalikuwa yao wenyewe. Lililokuwa baya ni jinsi amri ilivyokuja. Mtu aliyenunua mahindi Jumatano kwa fedha za mkopo aliambiwa Ijumaa kwamba hayapiti. Tarehe 10, siku tano tu baadaye, zuio liliondolewa na masharti yakatangazwa: mwenye kuleta mahindi ajiandikishe, awe na cheti cha kuonyesha kwamba yamepimwa, na sumu isizidi kipimo kilichowekwa. Masharti hayo yangaliweza kutangazwa kwanza, pamoja na muda wa kujitayarisha. Mfanya biashara aweza kustahimili ushuru, aweza kustahimili kipimo. Asichoweza kustahimili ni kutojua kama sheria aliyoiacha jioni ataikuta asubuhi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia watu wasivuke, malori yaliendelea kupita baada ya madereva kupimwa, lakini wachuuzi wa miguu walikatazwa kabisa, na wengi wao walikula mtaji wao wakiwa nyumbani.

Sukari nayo ina kisa chake, ambacho kwa mtu wa Mumias ni kichungu. Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyoanzishwa mwaka 1971, ilikuwa kwa miaka mingi mtengenezaji mkubwa wa sukari kupita wote Kenya, na jina lake lilikuwa fahari ya magharibi yote. Madeni na uongozi mbaya viliiangusha, na mwezi wa Septemba 2019 ikawekwa chini ya msimamizi wa wadai. Wakulima waliokuwa wakilaumu sukari ya Uganda kwa kuharibu soko lao walipata mshangao mwezi wa Desemba 2021, kwa maana aliyepewa kiwanda hicho kwa kukodi miaka 20 alikuwa Sarrai, kampuni yenye asili ya Uganda. Kesi zilifuata mahakamani. Mkulima mwenye miwa iliyokomaa shambani hakuwa na nafasi ya kuuliza mtaji umetoka upande gani wa Mto Malaba. Aliuliza kama trekta litakuja kuchukua miwa kabla haijakauka, na kama fedha zitalipwa.

Kituo cha Busia hufanya kazi usiku na mchana. Nyuma yake, hatua chache tu, njia za miguu zingali zapita baina ya nyumba na mashamba kama zilivyopita kabla ya 1902, na wenye vikapu wazijua zote. Mwenye kutaka hati aende kwenye dirisha la forodha akiwa na kitambulisho chake na orodha ya vitu alivyonunua pamoja na bei zake, wala asimpe kishoka mizigo yake wala fedha zake.